Muhtasari wa Mkutano Ambao Haukufanyika

Ndugu zangu wa chama, mtanisamehe nikisimama. Nikizungumza nimekaa huwa nashawishika kuremba.

Wiki iliyopita mlinichagua kuwa katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Kura zote, hakuna mpinzani, kwa sababu nimesoma chuo kikuu na ninavaa miwani. Nikakataa. Mwenyekiti akasema hapa Mabatini hakuna mtu anayekataa cheo bila sababu, kwa hiyo nije niieleze mbele ya wote. Ndiyo nimekuja. Sitataja jina la mtu. Mkidhani mnamjua yeyote nitakayemsema, dhanini kimyakimya.

Mimi ni mtu wa kuandika. Miaka mingi niliandikia magazeti makala ndefu juu ya mambo ambayo hakuna aliyeniuliza. Magazeti yakapungua, yaliyobaki yakasahau kulipa, nikafungua steshenari: kompyuta moja, mashine moja ya kutoa kopi, na feni. Watu wakaniletea barua zao za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kuwakumbusha wakwe mambo ya mahari. Niliziandika kwa ufasaha uliopita kiasi. Mtu anataka likizo ya siku mbili, mimi nampa aya tatu na methali.

Jirani na steshenari palikuwa na ghala la mbao. Mwenye ghala alikuwa mtu mpole, hapandishi sauti, Jumapili hakosi ibada. Asubuhi moja alikuja na karatasi mkononi.

"Mwalimu," akaniambia. Sijawahi kufundisha hata chekechea, lakini miwani ndiyo hiyo. "Karatasi yangu imekataliwa."

Naomba niwaeleze wasiojua. Mninga ulio kwenye ardhi ya kijiji haukatwi hivihivi. Kuna vibali, na kabla ya vibali kuna muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, unaoonyesha kwamba wananchi walikaa, wakajadili, wakakubali. Ile karatasi ilikuwa muhtasari. Mkutano wenyewe haukuwahi kufanyika. Mtu alikaa mahali akautunga.

"Wamekataa kwa nini?" nikauliza.

"Ofisa kaisoma, kacheka. Kasema, 'Hawa watu hawapo.'"

Nikaisoma na mimi. Kweli hawakuwapo. Wanakijiji mia mbili walisema "tunakubali" kwa sauti moja, kama kwaya. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeuliza habari za kisima, hakuna aliyemsema mwenye mbuzi walioingia shambani. Ndugu zangu, nawaambia ukweli unaoniaibisha: mtu mwema angeshtuka kwa sababu ule ni wizi. Mimi nilichukizwa kwa sababu ilikuwa kazi mbovu.

"Niachie," nikamwambia. "Njoo saa kumi."

Nilimwekea watu. Nilimweka mzee aliyetaka ajenda ibadilishwe, na kijana aliyeambiwa avue kofia. Nikaweka mama mmoja aliyepinga hoja kwa ukali, akajibiwa kwa heshima, kisha akalegea kidogokidogo. Hapo ndipo penye siri. Muhtasari usio na mpinzani haumdanganyi mtu. Ukiwa na mpinzani aliyeshindwa kwa hoja, hata wewe uliyeutunga unaanza kuuamini. Mihuri na saini zilikuwa kazi ya mtu mwingine, sikutaka kumjua. Karatasi ikapita. Alinilipa kwa mlango wa mninga, ambao nyumba yangu ya Pasiansi haikustahili. Wageni walikuwa wanausifia kabla hawajanisalimia.

Baadaye akaleta kijiji cha pili, cha tatu, cha nne. Katika kompyuta hiyohiyo nilikuwa na makala yangu ya kulaani uharibifu wa misitu, tena ndefu, tena kali. Faili zake na zile za mihtasari zilikaa jirani na hazikuwahi kugombana.

Kijiji cha tano kilikuwa kwetu.

Kwetu ni ng'ambo ya ziwa, ukishavuka Kigongo kwenda Busisi, halafu unaacha lami. Kuna ngitili huko, eneo ambalo wazee walilifunga tangu zamani: huchungi humo wakati wa masika, hukati, na ukiokota kuni unaokota zilizoanguka zenyewe. Ndani yake kulikuwa na mininga ambayo babu yangu aliikuta mikubwa. Niliposoma jina la kijiji, nilivua miwani nikaifuta, nikaivaa tena. Jina lilikuwa lilelile.

"Hapa napafahamu," nikasema.

"Ndiyo vizuri," akajibu kwa upole wake. "Utaandika vizuri zaidi."

Nilijiambia kwamba nikikataa ataandika mwingine, na vibaya. Naona baadhi yenu mnatikisa vichwa. Tikiseni, na mimi nilikitikisa changu, nikaandika. Tarehe niliirudisha nyuma, kwenye zama za mwenyekiti aliyekwishahamia mkoa mwingine, ili asipatikane wa kukana.

Nilipofika mahali pa yule mama wa kupinga kisha kulegea, vidole havikungoja ruhusa. Viliandika jina la mama yangu mzazi. Ndilo jina lililokuwa karibu. Nikampa na maneno. Mama akisimama mkutanoni huanza hivi: "Mimi meno sina, nitawauma kwa ufizi." Na akimaliza husema, "Nakaa, na msinisimamishe tena, magoti ni yangu." Nikaanzia na la kwanza, nikamalizia na la pili, na katikati nikamfanya aseme kwamba watoto wa shule wanakaa chini, miti haiwezi kuwa na adabu kuliko watoto, basi ikatwe yatoke madawati. Akaunga mkono hoja. Niliisoma mara mbili, nikacheka peke yangu. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote nilizoandika mwaka ule.

Miezi ikapita. Nikaenda kumsalimia mama na kilo mbili za sukari na kanga. Daraja lilikuwa bado linajengwa, tulivuka kwa pantoni. Nilipoingia kijijini nikaamkia wazee wawili waliokaa kwenye viti.

"Shikamooni."

Wakatazama vidole vya miguu yao. Nikadhani hawasikii, nikarudia kwa Kisukuma. Mmoja akainuka, akageuza kiti kizima, akanipa mgongo. Mbele kidogo mwanamke niliyesoma naye darasa la nne aliniona, akaingia ndani na kufunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Mama nilimkuta jikoni na kiberiti. Hilo lilinishangaza, maana kwetu moto hauwashwi kwa kiberiti wakati jirani anao. Unaomba kaa la moto, na ukifika hapo unakaa saa nzima mkizungumza.

"Mama, watu wana nini?"

"Wamechoka."

"Wamechoka na nini?"

"Umekula? Kaa ule."

Sikupata zaidi. Nikalala, nikala, nikaondoka. Busisi, nikingoja pantoni, jirani yetu mmoja, mwanamke anayeuza samaki wa kukaanga pale kivukoni, akanivuta nyuma ya meza yake.

"Huku si kijijini, naweza kukusalimia," akasema. "Mama yako ametengwa, hujui?"

Mnajua kutengwa, ninyi mliotoka bara huko. Husalimiwi, hupewi moto, hupewi maji, hakuna anayekuja kukupalilia. Ukifa, hakuna anayekuja kushika jembe. Na anayevunja amri anatozwa. Nilimuuliza amefanya nini.

Akanieleza. Lori lilikuja na misumeno ya moto. Visiki kumi na saba vilikuwa vimeshabaki kabla watu hawajalizuia kwa miili yao. Ndipo likaletwa gari la ofisi ya misitu, likashusha mtu na karatasi. Akawaambia: mnalalamika nini, si mlikubali wenyewe? Akawasomea. Kila aliyetajwa kuwapo akapiga kelele, "Mimi sikuwepo!" Lakini alipofika kwenye ufizi, watu wakacheka. Hawakuweza kujizuia, ilikuwa sauti ya mama hasa. Alipofika kwenye magoti hakuna aliyecheka tena. Wakageuka wote wakamwangalia.

"Tukamwambia, mayu, mama yetu, sema kwamba siyo wewe," akasema jirani. "Sisi wenyewe tulikuwa tunamwomba aseme. Akanyamaza. Dagashida ikakaa," yaani baraza letu la jadi, "akaulizwa tena, akanyamaza. Sasa wafanyeje? Wakasema aliuza ngitili faraghani, kwa wageni."

"Na wewe unaamini?"

"Mimi nilimsikia, shemeji. Karatasi ile ilikuwa inasema kama yeye."

Sikupanda pantoni. Nikarudi kijijini kwa miguu, nikamkuta mama anachambua mchele.

"Ulijua?"

Hakujifanya haelewi. "Nilijua kwenye magoti. Nilisema, huyu ni mwanangu."

"Kwa nini hukukana?"

"Nikane nini? Niseme siyo maneno yangu? Ni yangu. Niseme sikuyasema? Wangeuliza, basi nani anakujua hivyo." Akapuliza makapi. "Mimi nimebakiza siku chache. Wewe una watoto shuleni."

Ndugu zangu, mngetegemea niwaambie kwamba niliinuka pale pale nikaenda kuungama. Sikuinuka. Nilirudi Mwanza. Nilikaa wiki sita nikimtumia mama vitu kwa basi, kana kwamba tatizo lake lilikuwa njaa. Niliandika barua ya kuungama mara nne, na kila mara niliona aya ya pili inaweza kuboreshwa. Huo ndio ugonjwa wangu. Nilikuwa nachoka kuanzia asubuhi, uchovu usioondoka kwa usingizi, na kila nikifungua ule mlango wa mninga niliona umezidi uzito. Mwisho nikawa natumia mlango wa uani.

Kisha jirani akanipigia simu kutoka kivukoni. Mama alikuwa ameteleza njiani akitoka kisimani. Aliumia nyonga. Alikaa kwenye tope na ndoo imemwagika. Wanawake wawili walimkuta. Hawakuthubutu kumgusa. Walisimama wakilia, naye akawa anawabembeleza yeye aliyeanguka: "Nendeni, nendeni, mtatozwa." Mmoja akavua kanga yake ya juu akaiangusha, akapita kama hajui imeanguka, ili mama apate cha kujifunika. Alijikokota mwenyewe mpaka nyumbani. Asubuhi nzima ilikwisha.

"Mimi ndiye niliyeangusha kanga," jirani akasema. "Ningemwinua, shemeji. Ningemwinua. Nina watoto sita."

Kesho yake nilivuka. Nikamwomba mkuu wa dagashida, akaita watu, nao wakakubali kunisikiliza kwa sababu walikuwa na hasira na walitaka mahali pa kuzipeleka. Nikasimama nikasema: mkutano ule niliutunga mimi, kwenye kompyuta, Mabatini. Mama hajui lolote.

Hawakuniamini!

"Mtoto mwema," mzee mmoja akasema, akitikisa kichwa. "Amekuja kujitwisha mzigo wa mama yake."

"Mimi ndiye niliyeandika, baba."

"Wewe mtu wa Mwanza utajuaje mama yako anavyosema kuhusu madawati? Yule alikuwa yeye."

Fikirini hali yangu. Maisha yangu yote nimetamani msomaji aamini nilichoandika. Nimempata, mia mbili kwa mpigo, na ninawapigia magoti wasikiamini.

Mkuu wa dagashida akanyoosha fimbo kwa mtu mmoja mnene aliyekaa pembeni, mwenye ng'ombe wengi kijijini na ubahili unaojulikana mpaka Sengerema.

"Mwandike huyu," akasema. "Hapahapa. Mfanye agawe ng'ombe wake."

Watu wakaangua kicheko. Mwenye ng'ombe akaruka. "Mimi? Kwa nini mimi? Aandikwe mwingine!"

"Kaa chini, ng'ombe hawajaondoka."

Wakaniletea daftari la shule na kalamu. Mstari wa kwanza niliukata, kisha mkono ukakumbuka kazi yake. Nilimjua mtu yule tangu nachunga. Nilijua anavyokohoa kabla ya kusema uongo, nilijua kwamba huita kila ng'ombe "mtoto wangu" na kila mtoto "wewe." Niliandika ukurasa mmoja. Nikasoma kwa sauti. Mwanzoni walicheka, hata yeye akatabasamu kwa kulazimishwa. Nilipofika mahali anapompa mjane ng'ombe wa kwanza, akamwuliza mjane kama atamruhusu kuja kumtembelea huyo ng'ombe Jumapili, kicheko kikakatika. Mwenye ng'ombe alikuwa amesimama, uso umebadilika.

"Nisingesema hivyo!" akapiga kelele. Kisha kwa sauti ya chini, "Ningesema hivyohivyo. Mnyang'anyeni huyu mtu kalamu."

Wakaninyang'anya kalamu. Nawaambia, sijawahi kusifiwa hivyo tena, na sitaki.

Hukumu ilitoka kabla ya saa sita. Mama alifunguliwa palepale. Mimi nikatozwa fahali, akaliwa mbele yangu, nami sikupewa hata supu. Na wakaniwekea sharti: kalamu yangu isiandike chochote ndani ya kijiji kile, hata barua ya ruhusa ya mtoto shuleni. Alasiri hiyo wanawake waliingia kwa mama na moto, kila mmoja na kaa lake kwenye kigae, mpaka jiko likajaa moshi na mama akaanza kuwafukuza: "Mnataka kunichoma sasa? Mbona hamkuja mmoja mmoja?" Walikaa mpaka jioni. Wanne walimbeba kwenye machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali. Anatembea kwa fimbo, na mguu wa kushoto haujarudi kama zamani.

Mimi nilikwenda polisi mwenyewe na faili zote tano. Mwenye ghala alikuwa ameshafunga na kuhama. Wenzake wengine walipatikana, yeye bado. Mahakama ilinipa kifungo cha nje, nikakitumikia kwenye kitalu cha miche. Huko nilijifunza jambo ambalo halimo katika makala zangu zote za misitu. Mche wa mninga ukiota, kiangazi kikija hukauka juu wote, unadhani umekufa. Masika unaota tena, kiangazi unakauka tena. Unafanya hivyo miaka, mizizi inaenda chini, juu huoni kitu. Nilivimwagilia maji vijiti vikavu mwaka mzima. Msinipigie makofi kwa hilo, sikuwa na hiari. Na vile visiki kumi na saba bado ni visiki. Kutubu hakuoteshi kitu.

Nawashukuru wachache. Namshukuru yule jirani wa kanga. Namshukuru mwenye ng'ombe, ambaye baada ya lile baraza alinipeleka kwa gari lake kumtazama mama hospitali, akanidai mafuta. Namshukuru mke wangu, aliyeung'oa ule mlango akaupeleka mwenyewe ofisi ya misitu kama kielelezo, tukalala wiki mbili na pazia. Nanyi nawashukuru, mlionipokea kwenye chama hiki bila kuniuliza natoka wapi.

Mkitaka funzo, ninalo moja dogo. Nilidhani kwa kuwa nawajua watu, nina haki ya kuwasemea. Wizi wa mti ulianzia hapo, kabla ya msumeno.

Mwezi uliopita nilikuwa kijijini, kuna mkutano mkuu, huu wa kweli. Siku hizi muhtasari unaandikwa na binti mmoja aliyemaliza darasa la saba, anaandika polepole huku ametoa ncha ya ulimi, na kila mtu anamngoja. Mimi hukaa nyuma. Mtu mmoja akainuka, akasema kijiji kinahitaji barua nzito kwenda wilayani kudai fidia ya miti, na mwandishi yupo, amekaa pale, amekwisha kuadabika. Afunguliwe, apewe kalamu. Watu wengi wakaguna kukubali. Nakiri, nilishaanza kuipanga aya ya kwanza.

Mama akasimama kwa fimbo yake. Niliinama nikingoja ufizi, maana namjua. Hakuusema.

"Huyu zamani akija kwangu alikuwa halali usingizi," akasema. "Nilikuwa namsikia ukutani, anageuka, anageuka. Sasa analala mpaka anakoroma. Mkimpa kalamu, nitakayekesha ni mimi. Nakataa."

Akakaa. Binti akaandika, akimwomba mara mbili arudie. Hoja ikafa. Nilikuwa nimemwandika mama yangu kwa ufundi wangu wote, ndugu zangu, na sentensi hiyo nisingeweza kuitunga.